Kuitambua Neema ya Mungu Mtaani Mwetu

Mlio nyumbani na jamaa zenu, mlio kitandani kwa ugonjwa, nanyi mlio kazini usiku huu mkilinda malango ya watu wengine, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Mwenye Biblia na aifungue katika Injili ya Mathayo, mlango wa 20, mistari 16 ya kwanza. Asiye nayo na asikilize tu, maana habari yenyewe ameiona kwa macho yake asubuhi ya leo.

Ni habari ya mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Akawapata wengine mapema, wengine saa tatu, wengine saa sita, wengine saa tisa, na wengine saa kumi na moja. Wahubiri wa nchi nyingine huwa na kazi kubwa hapa ya kuwaeleza watu hesabu ya saa za Biblia. Sisi hatuna taabu hiyo. Saa kumi na moja ya Bwana Yesu ndiyo saa kumi na moja yetu, jua likielekea kuzama, na mtu aliyesimama tangu asubuhi akianza kuona haya kurudi nyumbani.

Twendeni basi Kibera kabla hakujapambazuka. Kutoka Laini Saba, Silanga, Lindi, Mashimoni na Gatwekera, wanaume hushika njia ya reli, ile reli ya kwenda Uganda inayopita katikati ya nyumba za watu, wakaenda kwa miguu mpaka Eneo la Viwanda. Nauli ni chakula cha watoto, basi miguu ndiyo gari. Wakifika husimama langoni. Nyapara hutoka, huwatazama, kisha hunyosha kidole: wewe, na wewe, na yule mrefu wa nyuma. Lango hufungwa. Waliobaki husogea kwenye lango la pili.

Upande wa pili wa Barabara ya Ngong, huko Kawangware, ni akina mama. Wao hutoka Gatina na Kabiro wakaelekea Lavington na Kileleshwa, wakaketi kando ya barabara chini ya miti, wakingoja mtu anayetaka kufuliwa nguo. Gari husimama, kioo hushushwa, mmoja huitwa. Wengine huketi tena, wakazirekebisha leso zao, wakaendelea kungoja. Kutoka pale walipoketi mpaka milango ya chuma ya nyumba zile kubwa si mbali. Pengine hakuna mahali katika jiji la Nairobi ambapo shamba la mizabibu na sokoni pa vibarua pamekaribiana hivyo.

Katika mfano, mwenye shamba aliwauliza wale wa saa kumi na moja kwa nini wamesimama siku nzima bila kazi. Wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Jibu lile, wapendwa, si jibu la wavivu. Mvivu hangesimama mpaka saa hiyo. Ni jibu la watu ambao kidole cha nyapara kimewapita tangu asubuhi.

Ndipo akawalipa dinari nzima, sawa na waliochomwa na jua kutwa. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku moja, yaani chakula cha nyumba moja. Angewalipa kwa saa, wangepata sarafu ya kununulia nini? Mtoto wa kibarua wa saa kumi na moja ana tumbo kubwa sawa na la mtoto wa kibarua wa alfajiri. Mwenye shamba hakutazama saa walizofanya kazi; alitazama nyumba walizokuwa wakirudi. Waliofika mapema wakanung'unika. Na tukisema kweli, wengi wetu tukiusoma mfano huu huwaonea huruma wao, maana sote twapenda kujihesabu kuwa tulifika mapema.

Neno hili neema lina taabu yake katika lugha yetu. Tangu zamani Mswahili akisema mwaka huu ni wa neema, ana maana kwamba mvua imenyesha, mahindi yamejaa ghalani na maziwa hayanunuliki kwa shida. Neema ni shibe. Ni maana njema wala hatuikatai, kwa kuwa shibe nayo hutoka kwa Mungu. Lakini walioitafsiri Injili walilitwika neno hilo hilo mzigo mwingine: kipawa cha Mungu kwa mtu asiyekistahili. Basi Mkristo akisimama na kusema, "Nimeiona neema," hatujui mara moja ni ipi. Je, amepata kazi? Amelipa kodi ya nyumba? Au amesamehewa dhambi? Na yule ambaye hakupata kazi, ambaye mwenye nyumba amemfungia mlango kwa kufuli, je, yeye neema imempita?

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Katika makanisa yetu, mengi yakiwa ya mabati na viti vya plastiki, huwa kuna wakati wa ushuhuda. Dada mmoja husimama. "Bwana asifiwe. Wiki hii tulikuwa akina mama 20 pale barabarani, na gari likasimama, nikaitwa mimi peke yangu. Ni neema tu." Kanisa lote hujibu: Amina. Lakini kwenye kiti cha tatu kutoka nyuma ameketi mmoja wa wale 19. Naye amesema Amina. Amina ile, ndugu zangu, imemtoka kwa uchungu gani?

Hatumlaumu dada yule. Alipata mkate, akamshukuru aliyempa. Afadhali yeye kuliko anayekula na kufuta mdomo kimya. Mwiba uko katika yale maneno mawili, "peke yangu." Twakumbuka katika Luka, mlango wa 18, watu wawili waliopanda kwenda hekaluni. Mmoja wao naye alimshukuru Mungu, na shukrani yake ilikuwa ndefu na nzuri, ila aliipima kwa kumtazama mtu aliyesimama nyuma yake. Akarudi nyumbani vile vile alivyokuja.

Mtaani petu hesabu hiyo inaweza kuwa kali sana. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera asubuhi na mapema, kupisha barabara ya kuunganisha ile ya Ngong na ile ya Lang'ata. Nyumba zikaanguka, na shule, na makanisa. Maelfu ya watu wakabaki nje katika baridi ya Julai, wamezungukwa na vitanda, sufuria na mabati yaliyokunjamana. Mpaka wa barabara ulikuwa mstari tu. Huyu wa upande huu nyumba yake ikasimama, na yule wa hatua kumi kutoka kwake akawa hana pa kulala. Je, aliyebaki na nyumba aseme ni neema, huku jirani yake akisikia? Na Kawangware, katika Oktoba 2017, mara baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26, maduka yaliteketezwa na watu wakauawa. Aliyekuta duka lake zima akasema Mungu amemlinda. Naye ambaye duka lake lilikuwa majivu, je, Mungu alimsahau?

Bwana wetu aliulizwa jambo la namna hii. Imo katika Luka, mlango wa 13. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka ukawaua watu 18, na watu walitaka kujua kwa nini wale na si wengine. Yesu akakataa kabisa kufanya hesabu hiyo. Hakusema waliokufa walikuwa na dhambi zaidi, wala hakusema waliopona walipendwa zaidi. Aliwageuza waliopona wajitazame wenyewe. Kama Bwana alikataa kulisoma anguko la mnara kama orodha ya wapendwa na wasiopendwa, sisi twapata wapi ruhusa ya kuyasoma hivyo matingatinga?

Mnakumbuka pia mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga kazi za watu na makanisa yakafungwa. Tarehe 10 Aprili watu walifurika mahali pa kugawia chakula pale Kibera. Wakasukumana, wakakanyagana, gesi ya kutoa machozi ikarushwa, watu wakaumia. Siku ile ilikuwa Ijumaa Kuu. Wenye mabavu walifika mbele, na bibi kizee akaachwa chini amepoteza viatu. Twasema hivi si kwa kuwacheka waliosukumana, maana njaa haina adabu. Twasema kwa sababu wako wengi wanaodhani neema ya Mungu hugawiwa vivyo hivyo, kwamba ni kidogo, haitoshi wote, na apataye ni yule aliyejipenyeza kwa maombi yenye nguvu zaidi. Someni Kutoka, mlango wa 16, habari ya mana jangwani. Aliyekusanya nyingi hakubakiwa na ziada, aliyekusanya chache hakupungukiwa, na iliyofichwa mpaka asubuhi ilioza ikatoa funza.

Tena tusiite neema kitu ambacho ni haki ya mtu. Mama aliyefua nguo kutwa akalipwa kile walichopatana, hakutendewa neema. Amelipwa ujira wake, na Yakobo katika mlango wa tano wa waraka wake ana maneno makali kwa wanaouzuia. Wazee wa ndugu zetu Wanubi, ambao wengi wao ni Waislamu, walikuwa askari wa jeshi la Waingereza waliotoka Sudani, wakakaa Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20, mahali pale pakiwa bado msitu. Na msitu ndiyo maana ya jina lenyewe katika lugha yao. Walingojea hati ya ardhi mpaka mwaka 2017, walipokabidhiwa ekari 288. Walifurahi, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini hati ile ilikuwa deni lililocheleweshwa kwa vizazi. Mtu akizoea kuiita haki yake neema, atapiga magoti mbele ya kila mwenye kiti.

Sasa mtatuuliza, kama kuchaguliwa si neema, na kuponea si lazima iwe neema, na haki si neema, basi tuitafute wapi?

Tutawapa habari moja. Kawangware kuna duka dogo, moja katika mamia. Ukutani pameandikwa kama kwingineko: "Deni leo hakuna, njoo kesho." Lakini chini ya meza pana daftari, kwa sababu mwenye duka anajua kwamba bila daftari lile nusu ya watu wa ploti ile hawangekunywa chai. Mteja wake mmoja, mwenye mke na watoto watatu, alikuwa na ukurasa mzima: unga, mafuta ya taa, sukari ya robo, dawa ya kichwa, unga tena. Mtu yule akaugua siku chache akafa. Maziko yakafanyika kwao mashambani. Baada ya majuma mawili mjane alirudi, akaenda dukani na shilingi 200 mkononi, akitaka kuanza kulipa kidogo kidogo. Mwenye duka akamfungulia daftari. Ukurasa wote ulikuwa umepigwa mstari kutoka juu mpaka chini, na mstari ulikuwa umepigwa tangu siku ya msiba. Hakuna aliyeambiwa. Mwenye duka haimbi kwaya, wala si mzee wa kanisa. Kwa kweli huonekana kanisani kwa nadra, maana Jumapili ndiyo siku ya biashara.

Mtadhani mjane alishangilia. La. Alikasirika kwanza. Akasema mume wake hakuwa mwombaji, na kwamba yeye ana mikono miwili. Akaziweka zile 200 mezani, mwenye duka akazirudisha, zikaenda na kurudi. Mwishowe mjane akaketi juu ya gunia la viazi akalia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulia tangu matanga.

Habari hii twaipenda kwa sababu inaonyesha jambo ambalo hatuhubiri sana. Kupokea bure ni kazi ngumu. Tazameni hata lugha yetu: bure ni kitu kisicho na malipo, na bure pia ni kitu kisicho na faida, twasema maneno ya bure, mtu wa bure. Moyo wa mwanadamu husikia maana ya pili kabla ya ile ya kwanza. Maskini ana heshima yake, na heshima ile imemlinda asivunjike. Kumwambia apokee tu ni kama kumvua koti. Lakini Mtume Paulo akiwaandikia Wakolosai, katika mlango wa pili, ametumia picha ya daftari hili hili, hati ya deni iliyoandikwa juu yetu, ikafutwa, ikapigiliwa misumari msalabani. Imefutwa hatujaenda na shilingi 200 zetu. Ukurasa ulipigwa mstari siku ya msiba, na msiba wenyewe ulikuwa wa Mwana wa Mungu. Ndiyo sababu mchungaji yule Mjerumani, Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa na serikali ya Hitler mwaka 1945, alionya kanisa juu ya neema iliyofanywa rahisi. Kwa anayepokea haina bei. Kwa aliyetoa ilikuwa na bei kubwa mno.

Mtu akiisha kuiona neema hii msalabani, ndipo macho yake hupata kuitambua na mahali pengine, hata katika vitu vidogo. Bwana alisema Baba yetu huwaangazia jua lake waovu na wema, na mvua yake vivyo hivyo. Jua la asubuhi juu ya mabati ya Makina halichagui bati. Maji yakikatika siku nne na bei ya mtungi wa lita 20 kupanda, na jirani aliyekuwa ameweka akiba akagonga mlango wako na ndoo, tambua. Mtoto wako akitoka shule ukiwa bado kazini, akalishwa githeri kwa jirani ambaye lugha yake ya nyumbani si yako, tambua. Neema ina alama yake: haikuachi peke yako na kitu ulichopata.

Kibera inajua kwamba kumpokea tena jirani ni jambo gumu kuliko ndoo ya maji. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketea, na reli iking'olewa kwa mikono ya watu. Tarehe 28 Februari 2008 viongozi walitia sahihi mapatano, wakapigwa picha. Lakini hakuna picha ya siku ambayo mama alikutana kisimani na mwanamke aliyemwona akibeba godoro lake. Sokoni Toi watu wakajenga tena vibanda vyao, nguzo kwa nguzo, mtu akiwa karibu na mtu. Nani aliyeanza kusalimu? Kila salamu ya namna ile iligharimu kitu.

Katika siku zile zile, Januari 2008, habari zilitoka Mombasa kwamba watu waliopora walikuwa wakirudisha makochi na vitanda usiku, kwa kuogopa kwamba wenye mali wameenda kwa waganga. Tulicheka tuliposikia, nanyi mwaweza kucheka. Lakini kicheko kikiisha swali hubaki. Ikiwa hofu ya uganga yaweza kurudisha kochi, je, neema ya Mungu yashindwa kurudisha sufuria? Wazee wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini katika Rwanda ukaenea hata kwetu katika miaka ya 1930, walijulikana kwa jambo hili: mtu akiokoka, alikwenda kulipa deni alilolificha na kurudisha jembe aliloiba. Hakurudisha ili apate neema. Alirudisha kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa kitu kingine.

Na wale akina mama 20 chini ya miti? Twajua wamo miongoni mwao ambao, kioo cha gari kikishushwa na wakiitwa, huuliza swali moja kabla ya kuingia: "Nguo ni nyingi? Basi naomba mwenzangu aje tusaidiane." Malipo yatakuwa yale yale ya mtu mmoja. Watayagawa njiani wakirudi Gatina, na katika nyumba mbili kutapikwa ugali na sukuma wiki, badala ya nyumba moja kupata na nyama. Mwenye gari huona ajabu. Hajui kwamba ameyaona mahubiri ya Mathayo 20, tena bila mhubiri.

Na tuombe.

Baba yetu, twakushukuru kwa mkate wa leo, na kwa wale ambao leo hawakuupata twakulilia. Uwakumbuke watakaoshika njia ya reli kesho kabla ya mapambazuko, na watakaoketi kando ya barabara. Wakiitwa, wape kumkumbuka aliye kando yao. Wakipitwa, wasiamini kwamba umewapita wewe. Mjalie mjane kupokea, na mwenye daftari kufuta. Aliye na sufuria ya jirani tangu mwaka ule, mpe ujasiri wa kuibeba kesho mchana, watu wakiona. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.